Madigadi ya Tairi Pana

2 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Habari za mgongo? Na karakana, bado unafungua kila siku, au umeanza kujipumzisha kama tulivyokubaliana? Mimi sijambo, ila uchovu nalala nao na kuamka nao. Tumebaki wauguzi wawili wa kuzungukia wagonjwa majumbani. Mwenzetu wa tatu ameacha kazi, na njia zake zote nimerithi mimi.

Nina shida ya kifundi. Zahanati imenipa baiskeli yenye tairi pana, nene kama paja la mtoto mchanga. Kwenye tope haizami, nashukuru. Lakini haina madigadi ya kukinga tope. Nikifika kwa mgonjwa, mgongo mzima ni tope mpaka kisogoni. Jana bibi mmoja mwenye kidonda cha mguu alinitazama mlangoni akasema, "Mwanangu, leo nani anamwosha mwenzake?" Nilicheka. Kisha nikakaa kwenye kizingiti chake, nikashindwa kuinuka kwa muda.

Nilifunga ya plastiki, yakavunjika wiki ile ile. Ya chuma yanayouzwa ni membamba tu. Unaweza kunitengenezea?

Mwanao

---

15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo upo, kila asubuhi unanikumbusha kwamba upo. Karakana nafungua, nikikaa ndani peke yangu kuta zinanisemesha. Jirani yangu fundi cherehani anakusalimu sana.

Ya dukani usiyaguse. Tairi pana ni kama mgeni mwenye tumbo, ukimpa kiti chembamba atakaa, lakini hamtaongea vizuri. Nitakata bati zito nilikunje juu ya gogo mpaka liwe pana kuliko tairi. Nipe vipimo vitatu: upana wa tairi likiwa limejaa upepo, nafasi kati ya mikono miwili ya foki inayoshika gurudumu la mbele, na urefu kutoka ekseli, kile chuma cha katikati ya gurudumu, hadi juu ya tairi. Tumia utepe. Usikadirie. Nakujua, tangu utotoni wewe ni mtu wa "hapo hapo panatosha".

Baba yako

---

22 Machi

Baba,

Shikamoo tena. Vipimo nimeviandika kwenye karatasi ya pili, na nimerudia kupima mara mbili ili usinitukane.

Mbona mwandiko wako umenyooka hivyo? Umerudi shule bila kuniambia?

Kuhusu kuja nyumbani, mwaka huu nao naona sitaweza. Najua niliandika hivyo hivyo mwaka jana, na mwaka juzi. Nikiomba likizo, wanaobaki kitandani bila mtu nawajua mmoja mmoja.

Mwanao

---

30 Aprili

Mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na nguvu. Nisamehe kwa kuchelewa, kazi hii ilinisumbua kidogo. Madigadi hayo, amekuja nayo dereva wa lori la saruji. Mwandiko ni ule ule, kalamu ndiyo mpya.

Sasa sikiliza. La mbele lina vikato viwili pembeni. Hapo ndipo linapopita katikati ya foki bila kubanwa. La nyuma lianze kufungwa juu, kisha chini, miguu yake iwe ya mwisho. Miguu ni vile vyuma vyembamba vinavyoshuka mpaka karibu na ekseli. Nati usizikaze mpaka uzungushe gurudumu. Kati ya tairi na bati, kidole cha shahada kipite pande zote. Hilo usilichezee. Tope la mfinyanzi likijaa humo linakaba gurudumu.

Baba yako

---

9 Mei

Baba,

Shikamoo, na asante sana! Nimeyafunga mwenyewe, uani, kwa spana ya kuazima. Nimechubua vidole vitatu. Ni mazuri mno, yule bibi amesema baiskeli imevaa kofia.

Ila kuna jambo. La nyuma, miguu yake ni kama mifupi. Kidole cha shahada hakipiti. Cha mwisho ndicho kinachopita, tena kwa kusukuma. Gurudumu linazunguka vizuri, halikwangui. Niyaache hivyo au niyafungue? Nisiposikia kutoka kwako nitajua hakuna tatizo.

Mwanao

---

16 Juni

Baba,

Shikamoo. Naandika kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo nitakuwa mfupi.

Tarehe nne nilianguka. Tope lilijaa kwenye digadi la nyuma, gurudumu likakabwa ghafla nikiwa nateremka, nikarushwa mtaroni. Kifundo cha mkono wa kulia kimevunjika. Wiki sita za plasta.

Nilikuwa naenda kwa mzee mmoja seremala aliyekuwa anamalizia siku zake. Nilimwahidi kwamba mchana ule nitakuwepo. Alifariki saa kumi, mimi nikiwa bado nasubiri gari la kunitoa mtaroni. Angefariki hata kama ningefika. Lakini nilimwahidi.

Mbona kimya, baba? Nilikuuliza swali, hukunijibu. Una afya?

Mwanao

---

1 Julai

Mwanangu,

Pole. Pole sana, mama.

Anayeandika hapa ni fundi cherehani. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemwambia asipunguze neno. Barua zangu zote tangu Machi ni mkono wake.

Macho yangu yameondoka. Lilianza la kulia mwaka juzi, likafuata la kushoto. Mtu akisimama mlangoni naona kivuli, namjua kwa sauti. Wateja hawajui, maana baiskeli naijua kwa vidole. Vipimo vyako alinisomea jirani. Bati nililikunja kwa kupapasa, likanitii. Miguu niliikata kwa kushika alama niliyoikwaruza kwa msumari, na kumbe la nyuma nilishika alama nyingine.

Barua yako ya Mei ilifika. Siku zile jirani alikuwa amesafiri kwa arusi ya bintiye, akakaa huko mwezi mzima. Nilikuwa naitoa mfukoni, naishika, nairudisha. Wa kunisomea walikuwepo, mtaa una watu. Niliona aibu. Nikasema moyoni, ni barua ya shukrani tu, itangoja. Jirani aliporudi akanisomea ile na ya Juni pamoja, kwa mkao mmoja.

Mimi ndiye niliyekuvunja mkono. Hayo madigadi yatupe.

Baba yako

---

7 Julai

Baba,

Shikamoo. Mwambie jirani asome polepole.

Nimekasirika, sitakuficha. Nilikuambia tope linaingia kisogoni, nawe hukuniambia kwamba huoni! Lakini nikimaliza kukukasirikia najikuta nimebaki na mimi mwenyewe. Siku ile nililisikia tope likikwangua bati. Kushuka na kulitoa kwa kijiti ni dakika tano. Sikushuka. Nilijua nikishuka sitakuwa na nguvu za kupanda tena.

Halafu kuna hili. Miaka mitatu nimeosha migongo ya baba za watu. Nimewamulika macho, nimewaandikia barua za hospitali kubwa, nimewabembeleza watoto wao wawapeleke. Wa kwangu nilikuwa namtumia vipimo vya baiskeli.

Ukungu wa kuona vivuli tu mara nyingi ni mtoto wa jicho, na unatolewa. Mkono ukiwa kwenye plasta siwezi kazi, kwa hiyo sina tena cha kusingizia. Jumapili nafika. Usipike, usifagie, usipande juu ya chochote.

Mwanao

---

20 Septemba

Mwanangu,

Hujambo? Mkono unaendeleaje? Jicho la kulia linaendelea vizuri, la kushoto watalifanyia upasuaji mwezi ujao. Sasa naandika mwenyewe, mistari yangu inapanda na kushuka, uvumilie.

Ulipoondoka wiki ile ya upasuaji, ulinilaumu kwamba stendi nilikaa kimya kama mtu aliyekasirika. Sikukasirika. Nilikuwa nakutazama.

Miaka hii yote nilipokufikiria nilikuona yule aliyeondoka hapa na begi jipya. Asubuhi walipofungua bandeji, wewe ndiye uliyekuwa mbele yangu. Ukasema, "Baba, unaona vidole vingapi?" Nikasema vitatu. Vidole sikuvitazama. Niliona nywele zako zimeanza mvi upande mmoja. Niliona mashavu yameingia ndani. Mama yako alikufa hajafikia kuwa na uso uliochoka namna ile. Sauti yako ilikuwa inacheka. Kwa sauti tu, nisingejua kamwe.

Kesho yake ukarudi kazini, nami sikukuzuia. Wagonjwa wako ni watu, nami sikukulea uache watu.

Lakini nimekunja digadi jipya la nyuma, na miguu yake nimeikata mirefu, utaipunguza ukitaka. Jumanne nakuja nalo kwa basi la asubuhi. Nitalifunga mwenyewe. Nimemwandikia pia yule mkubwa wako wa zahanati, kwa adabu, kwamba siku hiyo binti yangu hatatoka. Ukiona nimekosa, utanigombeza baadaye.

Usije stendi kunipokea. Lala. Nyumba nitaiulizia.

Baba yako