Bendi ya Msumeno

Jumamosi, 7 Septemba 1996

Tumepiga! Onyesho la kwanza la Msumeno, ndani ya ghala la ushirika hapa Nangurukuru. Tangu wanunuzi binafsi wa korosho waingie, ghala limebaki la popo. Likwata kaimba na gitaa, Haruna ngoma, mimi gitaa la besi. Ni ule muziki wa pank, wa kasi na kelele, aliorudi nao Likwata kutoka bandari ya Dar, kwenye kaseti aliyopewa na baharia. Hakuna wimbo uliofika dakika mbili. Na nywele zake! Pembeni kanyoa, katikati zimesimama kama upanga wa jogoo.

Vijana waliruka mpaka vumbi likatuziba macho. Wimbo wa mwisho, "Toka!", wasichana wa sekondari waliitikia kwa kelele: Toka! Toka! Mdogo wangu Debora akiwa mbele kabisa. Mzee mmoja mlangoni akasema huo si muziki, ni kuita mashetani.

Tulicheka sana.

Jumatatu, 9 Septemba

Wasichana wanne wameanguka shuleni, mstarini. Wanatetemeka, wanapiga kelele — "Toka!" Haruna anasema ni njaa na jua tu.

Sokoni nimemwamkia mama muuza mihogo. Shikamoo. Nikarudia. Kageuza uso.

Jumatano, 11 Septemba

Leo wameanguka wengi. Na Debora! Nimemshika miguu, kaning'ata mkono. Sauti ilikuwa nzito, si yake. "Likwata kanikalia kifuani," akasema. Walimu wamesikia, majirani wamesikia. Alipozinduka hakukumbuka kitu, kaomba uji.

Nikamwambia mama kwamba Likwata hajafanya baya lolote.

"Najua," mama akasema. "Lakini keshatajwa."

Ijumaa, 13 Septemba

Kikao cha kijiji. Wamemwita mganga Maftaha kutoka Mitole. Atakayetajwa atanyolewa, atanyweshwa dawa ya kuvunja uchawi.

Haruna kaondoka na basi la Lindi. Ati kumwona shangazi yake! Kabeba fimbo za ngoma tu.

Nimemsihi Likwata naye aondoke. Kakataa. "Nikikimbia ndiyo nimekubali. Nywele zitaota, Salome." Alikuwa anakaza waya wa gitaa. Waya unamponyoka.

Jumapili, 15 Septemba

Kiwanjani, baada ya misa, mchana kweupe. Wembe mkavu, hata maji hawakumpaka. Likwata kakaa, kashika magoti yake. Damu inamshuka sikioni. Umati ni wale wale walioruka ghalani — safari hii wanapiga vigelegele. Gitaa wamelikanyaga mpaka likawa kuni. Kanyweshwa kibuyu kizima. Katapika, kaanguka. Mama yake akamfunika khanga.

Nilitaka kwenda pale. Hapana — niliogopa.

Halafu Maftaha akainua mkono. Bado, akasema. Sauti zilizowaingia watoto ni mbili. Ile kali ameitoa. Iko nyingine, ya chini, inayotikisa kifua. Hiyo aliipiga nani?

Besi.

Watu wachache waligeuka kunitazama. Wachache tu.

Jumatatu, 16 Septemba

Likwata hajaamka tangu jana. Anapumua, wanasema. Nimekwenda kwao, mama yake kanifungia mlango.

Asubuhi Debora kaanguka tena. Nimewauliza waliomleta: kamtaja Likwata? Hapana, si Likwata. Basi nani? Wakasema wana haraka.

Saa kumi. Ngoma za Maftaha zinasikika upande wa barabara kuu. Mama kafunga dirisha, kaleta beseni, sabuni na wembe mpya.

"Kaa chini. Wakikukuta umeshanyolewa na mkono wangu, labda dawa watakusamehe."

"Mama, na wewe unaamini?"

Ananilowesha kichwa, maji yanadondokea hapa ninapoandika. Nikiacha kuandika nitapiga kelele. Debora kasimama mlangoni, kanitolea macho, hasogei. Nimemwita jina. Mara mbili.

Ngoma zimeshapita sokoni.

Namwambia mama basi, taratibu, nimetulia, sikimbii. Lakini kanishika kisogo kwa nguvu zote, na midomo yake inanong'ona kitu — nasikiliza — neno moja, lile lile: toka, toka —