Pete Iliyokuwa na Mwanya

Mama yangu uliyelala Kinyangiri,

Shikamoo, ingawa najua hutaniitikia.

Nakuandikia juu ya ile pete ya dhahabu uliyoifukua kwa jembe tukipalilia mtama, imejaa udongo, pamoja na vigae vya vyungu. Ulidhani ni waya wa baiskeli. Mtafiti wa mambo ya kale aliyepita kijijini ndiye aliyetuambia ni ya watu walioishi hapa kabla ya yeyote tunayemjua kwa jina. Hawakuwa na sanduku wala kufuli, alisema. Mali yao waliivaa, wakihama inahama nao. Ulicheka. "Basi walinizidi akili. Mimi mali yangu ina kwato, mvua ikikosa inakufa."

Ncha zake hazikukutana, unakumbuka? Ndiyo maana ilimtosha kila mtu. Tukivuna vizuri uliipanua kidogo. Njaa ikiingia uliibana kwa meno, na alama za meno yako zikabaki. Mwaka wa ugonjwa wako uliibana mpaka ncha zikapandana. Kisha ukaivua, ukanipa. "Wewe utaipanua, mwanangu. Una kidole cha mkulima."

Mama, Baba ameitengeneza.

Aliniomba baada ya arobaini yako, nikampa nikidhani anataka kukaa nayo siku mbili tatu. Kumbe alipanda basi hadi kwa sonara mjini, kule Utemini. Sonara akaiyeyusha, akaiunga, akaing'arisha. Baba akanikabidhi kwa mikono miwili, machozi yakimlengalenga: "Mama yako amevaa pete iliyovunjika miaka yote hii, na mimi mumewe namwangalia tu."

Ningemwambia nini? Kwamba haikuvunjika? Mzee yule amebakiwa na faraja hiyo moja. Nikasema, "Asante, Baba. Imependeza."

Na kweli imependeza, inang'aa kama ya dukani. Meno yako hayamo. Wale watu wa kale nao hawamo. Ardhi iliitunza muda wote huo, sisi ikatushinda. Inaishia kwenye kifundo cha kidole changu, haipiti, wala haipanuki tena. Nimeifunga kwenye pindo la kanga. Baba akiniuliza mbona siivai, namwambia naogopa kuipoteza.

Lala, Mama. Sina tena chako cha kushika.

Mwanao,
mwenye kidole cha mkulima