Wapimaji Walipohesabu Majiko Yetu

Baba Hamisi,

Barua hii siifungi. Mtaa mzima unasema nimemdhulumu mkeo mdogo nyumba, na ni heri waisome wenyewe kuliko kuisikia kwa muuza maandazi, ambaye huongeza chumvi kila anapoisimulia. Lakini wewe ndiye uliyetuoa wote wawili, kwa hiyo naanza na wewe.

Kwanza habari za mtaa, maana ulipenda habari hata kabla ya kuvua viatu. Wanataka kutujengea ghorofa. Kampuni imekuja na mchoro wa rangi, ghorofa saba, miti kila upande, na watu waliochorwa wanatembea bila mzigo wowote mkononi. Nyumba zetu za udongo zitabomolewa, kila familia ipewe fleti humo ndani, na fleti zitakazobaki ziuzwe, eti nyumba za gharama nafuu. Tulikutana uwanja wa shule. Mwenyekiti wa mtaa sasa ni Ramadhani, yule uliyemfundisha kupima karanga dukani. Ana kitambi na kipaza sauti. Alisema Tabora inakua, reli mpya inakuja, hatuwezi kuendelea kujitandaza chini wakati wenzetu wanapanda juu.

Mama mmoja muuza dagaa, aliyepanga chumba nyuma ya msikiti, akasimama akauliza, "Mwenyekiti, nafuu kwa nani? Na sisi wapangaji, kwenye huo mchoro tumekaa wapi?" Ramadhani akajibu kwamba suala la wapangaji limechukuliwa. Limechukuliwa likapelekwa wapi, hakusema. Mwingine akauliza maji yakikatika nani atapandisha ndoo. Halafu mzee mmoja akauliza maiti itashukaje kwenye ngazi nyembamba vile, au itabidi tuisimamishe. Watu walicheka. Nilikukumbuka ulivyotoka nyumbani kwetu kupitia mlango mpana, umelala vizuri, mabega ya watu yakikupokea.

Mimi sikuuliza kitu. Nilikuwa nimekaa na Zainabu, huyo mkeo mdogo, kwenye benchi moja, nautazama ule mchoro, nahesabu milango. Nilikuwa nawaza mlango wangu na mlango wake, na sakafu nene ya zege katikati.

Usijifanye kushangaa. Unajua wivu wangu ulianzia wapi. Unakumbuka tulivyokwenda Kwihara kwa shangazi yako, ndiyo kwanza tumeoana, mimi nimekaa nyuma ya baiskeli? Mchanga ulipotushinda ulishuka ukaisukuma, mimi bado nimekaa juu, eti bibi harusi hakanyagi vumbi. Ukaniambia babu zako walipita njia ile ile wamebeba mizigo ya watu wengine kichwani, na wewe ndiye wa kwanza katika ukoo kubeba mzigo wake mwenyewe. Nilicheka karibu nianguke. Siku ile ulikuwa wangu mzima, hakuna kipande kilichokuwa cha mtu.

Halafu zikaanza safari za Bukene. Ulikwenda kununua karanga, ukateremka kwenye treni ya Mwanza na magunia ya karanga na Zainabu. "Mama Hamisi," ukasema, "nimekuletea mdogo wako." Kana kwamba nilikuwa nimeagiza. Sikupiga kelele. Niliwapikia chai nikasahau sukari makusudi, na wewe ukainywa yote ukasema nzuri.

Kilichoniuma zaidi si ndoa, ni jiko. Langu lilijengwa na fundi, ukamlipa ukaenda zako dukani. La Zainabu ulilijenga mwenyewe. Ulivua shati, ukakanyaga udongo, ukapiga mluzi asubuhi nzima, na mimi nimekaa kizingitini nachambua mchele wa Igunga. Nadhani jioni ile mlitafuna mawe mengi. Ukuta wake umepinda upande wa kulia, kila anayeingia anaona kwamba aliyejenga ni mfanyabiashara wa karanga, lakini ningebadilishana naye palepale, langu lililonyooka kwa lake lililopinda.

Zamu zako ulizitunza kwa haki, sitakusingizia. Ila zamu haizuii harufu. Zainabu alikuwa akipika nsansa, yale majani ya kunde ya kukausha, anayaunga kwa karanga za kwao, na harufu inavuka ua inanifuata chumbani. Baada ya harufu kinafuata kicheko chako. Kwangu tulizungumza ada za shule na bati linalovuja. Kwake ulicheka. Sijui mlikuwa mnacheka nini, na mpaka leo nataka kujua.

Ukafia kwake. Hata hilo ulimpa yeye. Tulipokaa eda nilijizuia kumwuliza ulisema nini mwishoni, lakini aliniambia bila kuulizwa. "Mzee aliomba maji tu, dada. Hakusema kingine." Niliitikia kwa kichwa kama mtu mzima. Moyoni nikawaza kwamba maji ya mtungi wangu ni baridi zaidi.

Lakini eda hiyo hiyo ndiyo iliyotuvuruga. Majirani walikuwa wakituletea chakula kwenye sinia moja, maana nani angebeba masinia mawili kuingia nyumba moja ya msiba? Tukala pamoja, wajane wawili. Eda ikaisha, sinia likabaki moja. Hatukukubaliana kitu. Asubuhi moja Zainabu aliingia jikoni kwangu, akachukua mwiko, akauliza, "Ugali wa wangapi?" Nikamwambia wa wawili. Jiko lake likawa la kuku. Kila asubuhi huwafungulia na kuwasalimia kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka," na naapa wale kuku humwitikia.

Basi wapimaji walipokuja mara ya kwanza, binti mmoja aliyevaa kofia ngumu aliniuliza, "Shikamoo mama. Hapa mnapikia wapi?" Nikamwonyesha jiko langu. "Na lile pale?" "La kuku," nikasema. Akavuta futi yake, akapima, akaondoka.

Jioni Ramadhani akaja, akakataa kukaa, akawa anazungumza huku anatazama mlangoni. Kumbe baada ya kelele za mkutano kampuni ilikuwa imekubali neno moja: palipo na majiko mawili pana familia mbili, na familia mbili ni fleti mbili. Ni sawa kabisa, hapa kwetu wanaopika mbali wanahesabiwa mbali. Sisi tumehesabiwa familia moja.

"Watapita tena wiki ijayo kuhakiki," akasema. "Mama, mimi sijasema kitu."

Furaha niliyopata, Baba Hamisi, Mungu anisamehe. Nilifukuza kuku kwa mikono yangu. Nilifagia, nikaosha mafiga, nikakandika ule ukuta wako uliopinda, nikamkabidhi Zainabu kuni na sufuria. "Pika kwako," nikamwambia, "lionekane linatumika." Hamisi akapiga simu kutoka Dar kunipongeza. Zainabu hakusema mengi, ila nilimwona ameshika kiuno mlangoni mwa jiko lake, anatabasamu.

Siku iliyofuata harufu ya nsansa ikavuka ua. Nilikuwa na sahani yangu ya ugali, mtu mmoja, na ugali wa mtu mmoja haupikiki, ama unakuwa mgumu ama unabaki. Nikasikia kicheko. Nilishtuka, nikadhani ni wewe. Alikuwa Bi Tatu, jirani wa ukuta wa pili, ameshajikalisha kwenye kibao cha mbuzi, anaonja. Ameishi ukuta wa pili miaka yote hii, hakuwahi kuonja cha Zainabu hata kijiko.

Akaja tena kesho yake, na keshokutwa. Nilianza kutafuta kazi karibu na ule ukuta. Nikasikia Zainabu akimweleza kwamba ataomba ghorofa ya sita, dirisha litazame upande wa stesheni, awe anaiona treni ya kwao ikiingia, na atapanda maua kwenye kopo. "Dada watampa chini, kwa ajili ya magoti," akasema. Na Bi Tatu, mwanamke asiye na haya, akasema, "Basi mimi nitakuwa napanda kila jioni kula kwako."

Kila jioni! Nilibaki na ufagio mkononi. Lifti imechorwa kwenye mchoro, lakini Ramadhani mwenyewe hataki kuiapia, na magoti yangu hayanifikishi hata darini. Ile sakafu ya zege niliyoitamani siku ya mkutano nikaiona upya. Juu yake Zainabu anacheka na Bi Tatu, chini yake mimi na ugali wangu unaobaki. Nimeonea watu wivu maishani, wewe shahidi, lakini sijawahi kuona wivu kama niliomwonea yule mwanamke kwenye kibao cha mbuzi.

Wapimaji wakarudi. Jiko la Zainabu linawaka, sufuria inatokota, yeye amejifunga kanga mpya. Ramadhani amesimama uani ameridhika. Binti wa kofia ngumu akachungulia ndani, akauliza, "Hili jiko linatumika siku zote?"

Zainabu akanitazama. Unajua desturi ya nyumba yako, mgeni akiuliza anajibu bi mkubwa.

"Halitumiki," nikasema. "Tumeliwasha kwa ajili yenu. Hapa tunakula sinia moja."

Ramadhani akakohoa mpaka akatoka nje. Binti akatutazama mmoja mmoja, akafunga futi yake. Kwa hiyo tutapewa fleti moja, jiko moja, na kama kuna fidia ya kuongezea juu tutajua wakituita. Hamisi alipiga simu akapandisha sauti, "Mama umetupa fleti nzima!" Nikamwambia simu inakata.

Zainabu alizima moto wake kwa maji. Hakuongea na mimi siku hiyo, wala iliyofuata, hata kuku hakuwasalimia. Huko nje wakaanza kusema bi mkubwa ana roho mbaya, amemkosesha mwenzake asiye na mtoto mahali pa kuweka kichwa. Sikuweza kuwabishia. Wala sikusema uwongo mbele ya wapimaji, lakini wewe unanijua, sikuusema ukweli ule kwa sababu ni ukweli.

Siku ya tatu nilikuwa jikoni napuliza kuni. Akaingia na sufuria yake, akaitua chini kwa kishindo.

"Dada, umeninyima nyumba."

"Nimekunyima."

"Nilikuwa nimeshalichagua na dirisha."

"Najua. Nilisikia."

"Kwa nini?"

Nilitafuta jibu la heshima, la mtu wa umri wangu. Sikulipata. "Bi Tatu angekula kwako kila jioni," nikasema.

Alinikodolea macho. Nilidhani atanirushia ile sufuria, na angenirushia ningeinyamazia. "Miaka yote hii," akasema taratibu, "ulikuwa hunipendi hata kwa dawa."

"Sikupendi hata sasa."

Akakaa chini. Mabega yakaanza kumtetemeka, nikajua analia, na baadaye nikaona anacheka. Akacheka mpaka akashika ukuta. Nikamwambia dirisha la stesheni litakuwa la chumba chake, ghorofa yoyote watakayotupa, na mimi nitapanda mara moja nisishuke tena mpaka wanishushe. "Watakusimamisha," akasema, tukashikana tukacheka wote, wanawake wazima, moto unazimika.

Usidhani amenisamehe. Ananipakulia ukoko tangu siku ile, nyama anajiwekea yeye, nami naula bila neno. Bi Tatu akibisha hodi nawahi mlangoni mimi. Usiku uleule wa ukoko wa kwanza nilimwuliza mlikuwa mnacheka nini siku zile, na Zainabu akasema ulikuwa unaniigiza mimi nikichambua mchele kwa hasira. Kumbe nilikuwemo humo ndani muda wote.

Sasa nakwambia jambo ambalo sikutegemea kuliandika. Nilimwonea wivu Zainabu kwa sababu alikuwa na wewe. Siku hizi namtazama akikoroga, ameinamisha kichwa, anaimba nyimbo zao za Bukene, na ninayemwonea wivu ni wewe. Uliyajua haya tangu ule mwaka wa karanga ukanyamaza, ukawa unakuja chumbani kwangu kuzungumza habari za bati.

Pumzika salama, mume wangu. Ukimkumbuka sana, vumilia. Umekaa naye vya kutosha. Mimi ndiyo kwanza nimempata, na nakuomba, kama una sauti yoyote huko, usimwite kabla yangu.

Mkeo mkubwa,
Mama Hamisi