Wa Juu Amelegea

Tanga, mwezi wa Shaabani, Machi 1956

Mtani wangu Maganga,

Huu ni mwaka wa ishirini na saba tangu nitoke Kisarawe, na ni wa kwanza ambao wewe hupo huko. Habari zilinifikia umeshazikwa na matanga yameshaanuliwa. Sikuwapo. Sikulala kaburini mwako kuzuia usiteremshwe mpaka Wanyamwezi wenzako wanivishe kilemba. Sikuvaa koti lako nikawaigizia waombolezaji ulivyokuwa ukitembea, tumbo likitangulia kama lina barua ya kupeleka. Wazaramo wenzangu walinifanyia kazi hiyo, na nasikia waliwachekesha watu mpaka shehe akageuza uso. Lakini wao hawakukaa nawe kwenye cherehani moja. Hawakujua wakutukane kwa lipi.

Basi fungu langu la utani nalitoa kwa karatasi. Kwa mara ya kwanza mimi ndiye nitakayesema mwisho.

Wewe Mnyamwezi ulizaliwa mabega kwanza, kichwa kikaletwa baadaye. Nilikwambia hivyo siku tulipoitoa cherehani Kwala, kwa yule mzee fundi ambaye macho yalikuwa yamemwishia. Ilikuwa cherehani kubwa, ya kushonea khaki na turubai. Tuliifunga kwenye mti tukaibeba, wewe mbele, mimi nyuma, na ulikataa tupumzike kabla ya Mlandizi. Babu zako, ulisema, walibeba pembe za ndovu toka bara mpaka pwani, sembuse chuma cha kushonea. Nami nilipolalamikia bega, hukugeuka hata kunitazama. "Mzaramo," ulisema, "ingekuwa ngoma ungeshafika."

Tulipoiweka barazani Kisarawe ilitutesa vibaya. Ukitazama suruali kwa juu, mshono umenyooka. Ukiigeuza, chini nyuzi zimejikunjakunja kama nywele zisizochanwa. Na hapa ndipo nakutukana kwa haki, maana ulikuwa na ugonjwa mmoja: kila kosa ulilitafutia pale linapoonekana. Fujo iko chini, basi mkosaji ni bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini. Ungeitoa na kikombe chake, ukakaza ile skrubu ndogo ya ubavuni, ukashona, ukaapa, ukakaza tena, mpaka uzi ukakatika na gurudumu likazunguka bure. Nilikuambia acha. Ukaniambia nikapige ngoma.

Halafu siku moja ukaiacha ile skrubu. Ukatia uzi mweusi juu na mweupe chini. Ukashona kipande cha khaki, ukakigeuza. Zile nywele zote zilikuwa nyeusi. Wa chini alikuwa ametulia mahali pake. Aliyeshuka kufanya fujo ni wa juu, kwa sababu hakuna kilichomshika. Ulipofungua vile visahani viwili vinavyoubana uzi wa juu, ukakuta mavumbi ya pamba yamegandamana katikati yake, vimeshindwa kukutana. Ukaniita kwa sauti ambayo Kisarawe nzima iliisikia: "Kondo! Wa juu amelegea, ndiyo maana chini kuna fujo!"

Unamkumbuka yule tarishi wa boma, aliyekuwa amefika kuchukua suruali yake? Alisimama barazani rangi imemtoka. Alituomba, kwa heshima zote, mambo ya wakubwa tuyasemee ndani. Ungeweza kumweleza kuwa ni uzi. Wewe ukamjibu kwa upole kwamba asihofu, huyo wa juu tunamkaza sasa hivi kwa vidole viwili. Akaondoka bila suruali. Mkewe ndiye aliyekuja kuichukua, akaangalia kulia na kushoto kabla ya kupanda baraza.

Nimesoma vitabu vingi toka siku hiyo, mtani. Nimesoma vya dini na vya dunia, na magazeti mpaka kurasa za matangazo. Sijakutana na sentensi iliyonyooka kuliko ile yako. Huku Tanga, kwenye shamba la mkonge nilikokuja kushona maturubai, nimewafundisha mafundi kwa maneno hayohayo. Wengine wanadhani ni hekima ya Kizaramo. Sijawasahihisha, na sina nia.

Sasa nikupe habari za nyumbani kwako, ambazo ndizo zilizonikalisha niandike.

Kwenye arobaini yako, mdogo wako Juma alifika toka Tabora. Aliikuta cherehani haishoni. Mafundi watatu wa mjini walishaletwa wakaigusa, na kila mmoja aliiacha vibaya kuliko alivyoikuta. Juma akasema cherehani imekufa na mwenyewe. Iuzwe kwa uzito wa chuma, na binti yako Mwamvua, ambaye ameachika na ana mtoto mgongoni, afunge mizigo amfuate Tabora. Simlaumu Juma. Aliona mwanamke hana mume, hana baba, na chombo chake hakifanyi kazi. Alinyoosha mkono kama inavyompasa ami. Lakini Mwamvua hakutaka kwenda kuwa mgeni jikoni mwa mtu. Aliomba muda. Juma akampa mpaka Ramadhani iandame.

Mwamvua akaniandikia. Salamu mistari miwili, shikamoo Baba Mkubwa, na hali ilivyo. Kisha ndani ya bahasha kipande cha khaki chenye mshono mmoja. Uzi mweusi juu, mweupe chini. Nilikigeuza karibu na dirisha. Nywele nyeusi tupu.

Maganga, nilikigeuza mara ya pili. Sikuhuzunika. Nilivimba kwa fahari. Wewe na mimi, wanaume wawili wenye mabega na vinywa, tuliteseka sana kabla ya kufikiria kutia nyuzi za rangi mbili. Yeye alianza nazo. Mtu anayeuliza hivyo keshafika nusu ya jibu.

Nikamwandikia jibu palepale. Achunguze visahani kama kuna mavumbi. Aangalie ile springi yake kama imechoka. Asiiguse bobini mpaka amalize juu. Nilijaza kurasa mbele na nyuma, kama ujuavyo ninavyojaza, nikazitia posta nikiwa najiona mtu wa maana.

Kabla barua yangu haijafika kwake, ikanifikia yake ya pili.

Alikuwa ameshafungua visahani, akavikuta safi kama vya kulia pilau. Springi nzima. Hapo mimi ningekwama, na wewe ungerudia skrubu yako. Yeye akakaa akatazama mkono wake mwenyewe unavyotia uzi, hatua baada ya hatua, akagundua kuwa alikuwa akiutia kama alivyowaona wale mafundi wakifanya: mguu wa kukandamizia nguo ukiwa chini. Mguu ukiwa chini visahani vimefumba, na uzi hauingii kati yake. Unapita juu juu, unaonekana upo mahali pake na haujashikwa na chochote. Akauinua mguu, akautoa uzi, akautia upya. Nywele zikaisha.

Lakini mshono ukawa bado haujatulia, ukivutwa chini, kwa sababu mafundi wale walikuwa wameikaza skrubu ya bobini kwa ugonjwa uleule wa kwako. Akaitoa bobini na kikombe chake, akaishika kwa uzi wake ikining'inia, akaitikisa kidogo. Haikushuka kabisa. Akalegeza skrubu kidogo sana, akaitikisa tena, mpaka ikawa ikitikiswa inashuka kidogo na kusimama yenyewe. Ameniandikia neno ambalo sikumfundisha mimi, na sidhani ulimfundisha wewe: "Isining'inie kama jiwe, isianguke kama embe."

Kipande cha pili alichonitumia ninacho hapa. Juu uzi ni mweusi, chini ni mweupe, na hata nikivaa miwani sioni nyuzi zinapokutana.

Juma alikuwa amekaa ngazini akitazama yote hayo. Mwamvua anasema alingoja mpaka suruali nzima ikaisha. Ndipo alipoivuta kwa mikono miwili, kwenye mshono wa makalio, kwa nguvu zake zote za Kinyamwezi, na haikuachia. Akamwambia: "Basi nishonee na mimi kanzu ya Idi, nirudi nayo Tabora peke yangu." Hilo neno la mwisho, mtani, nililisoma mara nyingi.

Sasa ana kazi tele. Kanzu za Idi zinamngoja, na hata mama mmoja toka kijiji cha Marui ameleta khaki za wanawe. Na ameniomba jambo. Anasema watu wananong'ona juu ya mwanamke kukaa barazani peke yake na cherehani ya wanaume. Anasema kiti changu bado kipo. Nirudi nikikalie tu, hata kama sitashona, nimpe uso mbele za watu.

Maombi hayo yalinitoa machozi, nakwambia wewe kwa sababu huwezi kumwambia mtu. Nimewaza harufu ya mihogo ikichomwa nje ya duka letu. Nimewaza kuzuru kaburi lako, nikutukane kwa mdomo. Lakini najua watu wetu. Nikikaa kwenye kile kiti, mteja atapanda baraza atanisalimu mimi, na nguo atanikabidhi mimi, na suruali ikitoka vizuri atasema mzee Kondo bado ana mkono. Mwamvua atakuwa binti anayesaidia. Hakuinua ule mguu wa cherehani ili aje kuwa binti anayesaidia.

Nitamwandikia kesho akitoe kile kiti, mahali pake aweke meza ya kukatia. Watanong'ona mpaka nguo zao zichanike, kisha watakwenda kwake.

Lala salama, Maganga. Naahidi kila Alhamisi jioni nitakusomea Fatiha, na nikishasema amina nitakutukana kidogo, ili malaika wajue una mtani. Binti yako ni fundi kuliko wewe na mimi. Nilitaka ulisikie hilo kwangu.

Sitarudi Kisarawe.

Mtani wako,
Kondo