Mume Wangu Hajawahi Kufika Lindi

Shikamoo Bi Asmahani. Mimi ni Zuena, mkulima wa mwani hapa Bweni, Mafia, umri wangu miaka hamsini na mbili, na naomba unisaidie haraka maana safari ni Alhamisi ya wiki ijayo na kila nikimtazama mume wangu sijui nicheke au ninune.

Mume wangu Luqmani tuna miaka thelathini ya ndoa, ni mtu mwema, hajawahi kunipandishia sauti, ila tangu ananiposa sifa yake ni moja tu, Lindi, kwamba ujanani alikaa kule miaka miwili akifanya kazi kwenye tanuri la mikate, anazijua nyumba za kale na milango yake ya nakshi, anajua Mto Lukuledi unavyojaa na kupwa pale mdomoni na jinsi watu wanavyovuka kwenda Kitunda ng'ambo, na barazani mtu akitaja kusini wote humgeukia yeye, na mimi mwenyewe, Bi Asmahani, nimejivuna sana kwa wanawake wenzangu kwamba wangu mimi ameona miji.

Sasa binti yetu Nasma, anafundisha Kilindoni, akasema nyinyi hamjapumzika hata siku moja tangu nipate akili, akatupangia siku tatu Lindi, chumba kwenye nyumba ya wageni kashakishika, mimi nikashona na dera jipya, lakini mwenzangu badala ya kufurahi akaanza, leo goti, kesho barabara mbovu, keshokutwa ananiambia, "Lindi ya siku hizi imebadilika, Mama Nasma, wala sitaijua."

Ijumaa iliyopita tukawa tunafunga mwani kwenye kamba na Kidawa, mjane wa Suleimani ambaye alikuwa kaka yake mume wangu, nikamlalamikia, akaniacha niseme weee mpaka nikamaliza, kisha akaniambia taratibu, "Zuena, aliyekaa Lindi ni Suleimani. Luqmani hajawahi kutoka kisiwa hiki." Kumbe, kabla familia yao haijahamia hapa Bweni, kazi ile ya mikate alitafutiwa Luqmani, nguo kashafunga, mama yao akapooza ghafla, yeye akasema nitabaki nimuuguze, akaenda kaka yake, na kila Suleimani akija likizo Luqmani alimkalisha chini amsimulie mji mzima, mtaa kwa mtaa.

Nimekasirika, maana miaka thelathini si mchezo. Nimeshapanga hata maswali, kwamba tukishuka tu kwenye basi nimwambie haya nipeleke kwenye tanuri lako, na Kidawa anasema anataka tufuatane ili asikose kuona uso wake. Lakini tena namwona anavyokaa peke yake uani akisugua lile goti lisilouma, moyo unaniuma mimi. Nimwambie najua? Nivunje safari? Au niende naye, mji wenyewe umuumbue?

Zuena, Mafia

Marahaba, mdogo wangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nimecheka, unisamehe. Una haki ya kukasirika. Umedanganywa, na uongo wa barazani ukiachwa miaka thelathini huota mizizi. Hilo nimekupa.

Sasa nisikilize. Mwanamume huyu alifunga nguo zake akiwa kijana, akazifungua tena ili amgeuze mama yake kitandani, na hilo hajalisema barazani hata siku moja. Alichojisifia hakukifanya, na alichokifanya hakujisifia. Wewe umekaa naye miaka yote hiyo ukifurahia kuitwa mke wa mtu aliyeona miji. Hadithi mliila wote wawili, usijifanye leo ndiyo umeionja.

Maswali yako yatupe. Mtu haaibishwi ugenini na mkewe mwenyewe, wala huko si kupumzika. Kidawa abaki Bweni na mwani wake, na umwambie neno hili liishie kwake. Safari usiivunje. Mkifika Lindi, kabla yeye hajafungua mdomo, sema wewe: "Mimi mgeni hapa, nataka kuuliza njia." Uliza muuza kahawa, uliza mama lishe, yeye afuate nyuma. Mwachie nafasi ya kusema mwenyewe. Akisema, msikilize mpaka mwisho, ndipo umwambie kwamba unajua. Asiposema, rudi naye nyumbani salama. Na hilo dera livae.

Kwa kuwa siku zilikuwa chache, majibu haya nilimtumia Zuena kwa simu. Juzi ameniletea ujumbe, na ameniruhusu niuweke hapa:

"Bi Asmahani, sikuwahi kuuliza njia. Tulikuwa bado kwenye boti ya kwenda Nyamisati, bara, kulikopandiwa basi, akanishika mkono, akasema, 'Mama Nasma, huko tunakokwenda mimi sikujui.' Akanieleza yote, na ya mama yake, akalia kidogo. Nikamwambia najua. Akauliza, 'Tangu lini?' Nikamwambia tangu Ijumaa ile. 'Na umekubali kuja nami?' Nikamwambia mbona nimeshapanda. Alicheka mpaka abiria wakageuka.

Lindi tumepotea mara mbili siku ya kwanza. Kila nyumba ya kale anasimama, anagusa mlango, anasema, 'Huu Suleimani aliniambia.' Mto Lukuledi tumeuvuka kwenda Kitunda na kurudi, hatuna shida yoyote ng'ambo, tunapanda kivuko tu kwa raha zetu. Tulipaswa kurudi nyumbani Jumapili. Leo ni Jumatano, Nasma amepiga simu mara nne, na baba yake anasema nisipokee mpaka tuvuke mara moja tena."