Njuga za Baba Wodini

Baba, shikamoo.

Mjukuu wako Kabula amenirusha roho sasa hivi. Tangu jana usiku hajatia kitu mdomoni, maana leo anapasuliwa ile ngiri yake na daktari amekataza hata maji. Nageuka kutafuta kalamu, namkuta amemega tonge la ugali kwenye sahani ya mama wa kitanda cha jirani. Nikaruka. Kumbe hali! Amelibandika puani, ananitazama, anatembea kinyumenyume. Nilicheka huku machozi yananitoka, kwa sababu ni wewe mtupu.

Hamjambo huko Rukwa? Mgongo wa Mama unaendeleaje? Ng'ombe wamepata majani? Huku Mwanza tunaendelea. Mume wangu bado anakata minofu ya sangara kiwandani. Minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, sisi Buzuruga tunakaanga mapanki, ile mifupa na vichwa vinavyobaki. Tunashiba, tunashukuru.

Nikusimulie ya hospitali. Zamu ya Kabula ilikuwa juzi. Kuna dada mgeni kutoka ng'ambo, kazi yake ni kuwachekesha watoto kabla ya upasuaji, wasiogope. Nia yake njema, lakini alikuja kajipaka uso wote mweupe pe, mdomo mwekundu. Wodi nzima ikalipuka kilio. Mama wa jirani akapiga kelele, "Huyo katoka kaburini!" Kabula akaingia uvunguni, akalia mpaka akatapika, homa ikapanda. Daktari akasema, "Mama, mtoto wa hivi simpasui. Mlete keshokutwa. Akilia tena hivi, atasubiri sana." Na ile ngiri, Baba, imeanza kumuuma hata akikohoa.

Jioni nilimkuta yule dada kakaa kwenye ngazi, anafuta rangi, analia. Nikamwambia, "Dada, nawa uso. Baba yangu alikuwa na kazi kama yako."

Nikamsimulia Misungwi yetu. Pamba imeshauzwa, makundi mawili ya ngoma yanashindana uwanjani kwa wakati mmoja, na watu wanahamia kule kunakowafurahisha. Wewe unatoka na pua yako ya kibuyu, kinyumenyume, kama mtu aliyepoteza sindano, unainama, unaanguka. Kidogo kidogo wale wa upande wa pili wanabaki na ngoma yao peke yao. "Kazi yangu kuiba watu," ulikuwa unasema ukirudi, vumbi mpaka kwenye kope, Mama anakufungulia michembe, vile viazi vikavu, kwenye kanga. Hata leo nikinusa michembe naliona lile vumbi.

Yule dada akauliza, "Na hapa, upande wa pili ni nani?"

Nikamwambia, "Hofu. Iibie hao watoto."

Basi nikampa njuga zako, zile ulizoniachia mlipohama na ng'ombe. Kabula hulala nazo, ndiyo maana nilikuja nazo wodini. Jana asubuhi akaingia na uso wake mwenyewe, njuga miguuni, kinyumenyume, akajikwaa kwelikweli kwenye ndoo ya kudekia. Chali!

"Nimeanguka vizuri?" akauliza.

"Vibaya!" Kabula akamjibu kutoka uvunguni. "Babu anaanguka hivi." Akatoka kumwonyesha. Wodi nzima kicheko, hata yule mama wa kaburini.

Leo njuga kavaa Kabula mwenyewe. Daktari amekubali aende nazo mpaka mlangoni, dada atatangulia kinyumenyume mbele yake. Homa hana.

Msalimie Mama, aniombee mtoto. Msalimie shangazi aliyenisuka siku ya harusi yangu, na kaka mkubwa huko machungani.

Baba, kuna jambo. Unaikumbuka ile ngoma ya Usagara? Nilikuwa na miaka minane. Wenzangu wa shule walikuwa wanakucheka umelala vumbini, wakaniuliza, "Yule si baba yako?" Nikasema simjui. Najua ulinisikia. Ulinibeba mabegani mpaka nyumbani wala hukuniuliza neno. Leo asubuhi watu hapa wameuliza njuga hizi ni za nani. Nilisimama, Baba, nikasema kwa sauti, ni za baba yangu mzazi. Na kwa lile la Usagara naomba uni

Nesi anaita, "Mama Kabula, tayari!" Huyo kashashuka kitandani, njuga zinalia, mwenyewe anacheka, wala hanisubiri, ngoja ni