Mama Yako Amekula Samaki Mbichi

Vumi,

Kaa vizuri huko uliko, maana nina habari. Mama yako amekula samaki mbichi. Mama yako huyu huyu, ambaye hata dagaa wa kukaanga anawarudisha jikoni akiona wamelainika kidogo. Amekula, akaongeza, na asubuhi hii ameniuliza kama wale watu wanafungua Jumapili.

Nisamehe mwandiko. Tangu jana mchana siwezi kutulia.

Ni miezi tisa sasa tangu tukuzike. Duka letu la Makambako nililifungua kila siku mpaka tuliposafiri, nguo za watoto bado zinaning'inia pale mlangoni ulipozoea kuzipanga. Lakini nusu yako ilibaki kwa mama, naye alikuwa ameshasema nusu hiyo iuzwe. Hakutaka hata kulipita hilo duka. Akienda sokoni anavuka barabara, anapita upande wa pili. Cherehani yake aliifunika kwa kitenge siku ya msiba, na tangu hapo hajamshonea mtu hata kifungo. Fundi wa Makambako nzima, Vumi! Watu wanakuja na vitambaa, anawaambia macho yanamsumbua.

Nikamwomba jambo moja tu. Kabla hajauza, aje huku China, Guangzhou, mara moja aone mwanawe alikuwa anafanyia kazi wapi. Siku ya nne akaniuliza pasipoti inaombwa wapi.

Laiti ungemwona kule Shisanhang! Unajua lile soko, saa moja asubuhi hakuna pa kuweka mguu, watu na mafurushi. Mimi nilidhani ataogopa. Alishika mkono wangu mpaka ghorofa ya pili, halafu akauachia. Kila gauni aliligeuza nje ndani, akavuta mshono, akalirudisha. Laoban mmoja, mwenye duka la sweta, akamwonyesha bei kwenye kikokotoo kabla hajaulizwa. Mama akamtazama tu, akasema kwa Kiswahili chake, "Baba, huu mshono ukifuliwa mara mbili unaachia." Yule bwana hakuelewa neno, lakini akaingia ndani akatoa mzigo mwingine. Mzuri! Nilitamani kukuita uone.

Lakini hakuwa na furaha. Alifanya kazi kama mtu anayemaliza adhabu. Na kula alikuwa hali.

Juzi tulikuwa kwa yule mama Mkongo wa mtaa wa Xiaobei, tunakula ugali. Mama yako akawa anaviringisha tonge moja muda mrefu, haliweki mdomoni. Mwisho akasema, "Stela, ile hoteli ya samaki wabichi iko wapi?"

Nikamuuliza ameijuaje.

"Vumi aliniambia mwenyewe. Alinipigia akiwa kwenye foleni, amefurahi, anacheka. Nikamwambia toka hapo haraka, utakuja kuumwa tumbo ugenini. Akasema haya mama. Akatoka." Akaweka tonge kwenye sahani. "Mtu mzima wa miaka thelathini na nne, nikamwambia toka, akatoka. Kitu kidogo namna ile nikamnyima."

Vumi, sikuwa najua! Siku ile Pazhou, baada ya maonyesho ya biashara, namba yetu kwenye foleni ya hoteli hiyo ilikuwa imebakiza watu watatu, ukarudi kutoka kupiga simu ukaniambia kichwa kinauma, twende zetu. Nilikununia njia nzima kwenye treni. Kumbe ulikuwa unamtii mama yako, ukaona aibu kuniambia. Ningejua nisingekununia. Nisamehe.

Nikamwambia, "Mama, ni samaki tu, hukumkosea kitu."

"Nipeleke," akasema. Basi.

Jana tukaenda. Tulichukua kikaratasi cha namba tukasubiri karibu saa nzima, yeye amevaa lile gauni la kanisani na mkoba mapajani. Ilipoitwa namba yetu tukaingia, wahudumu wote wakapaza sauti pamoja, ule ukaribisho wao wa Kijapani unaokaribia kupasua dari. Mama akashtuka, halafu akawajibu kwa sauti ile ile, "Kamwene!", salamu yetu ya nyumbani. Wakacheka, akacheka. Mara ya kwanza, Vumi. Mara ya kwanza baada ya miezi tisa nimeona meno ya mama yako.

Ndani ni soko kweli. Kaa wanatembea kwenye matangi ya kioo, barafu imepangwa samaki na chaza, na katikati jamaa mwenye kisu kirefu anachana jodari mkubwa kuliko mimi, nyama nyekundu kama ya ng'ombe. Unachagua mwenyewe, unabeba sinia lako, unakula umesimama kwenye meza ndefu pamoja na wageni. Tukachukua matonge ya wali yaliyolazwa samaki juu, na yale mengine ya kuviringishwa kwa mwani. Mama akalifungua moja kwa kidole akakuta parachichi. "Stela! Parachichi!" Utadhani amekutana na ndugu. Akalionja, akakunja uso. "Hili limechumwa halijakomaa. Hawa waje Njombe wafundishwe."

Ila samaki alimshinda. Alimwinua kwa vijiti, akamponyoka. Akamshika kwa vidole, akamfikisha mdomoni, mkono ukakataa. Mara tatu. Mara ya tatu macho yakajaa machozi, akasema, "Siwezi, mwanangu. Twende tu."

Nikaanza kufunga mkoba wangu.

Pembeni yetu alikuwa amesimama bibi mmoja wa hapa hapa Guangzhou, mwenye koti la zambarau, anakula peke yake. Pindo la mkono wa koti lilikuwa limefumuka, na kila akinyoosha mkono linachovya kwenye kibakuli cha mchuzi wa soya. Mama alikuwa ameshaligeuzia mgongo sinia letu. Akaliona lile pindo. Akalitazama, akatazama kando, akalitazama tena. Unamjua mama yako.

"Dada," akamwambia, "lete mkono."

Akafungua mkoba akatoa sindano na uzi! Katikati ya watu! Bibi akashangaa kidogo, kisha akanyoosha mkono kama mtu anayepimwa presha. Mama akaufuta kwa leso, akakunja pindo, akashona. Mishono midogo ile, ambayo huioni hata ukitafuta. Yule wa kisu akaacha kuchana jodari. Mimi nilikuwa natazama vidole vyake tu, Vumi. Havikusahau kitu.

Akakata uzi kwa meno. Bibi akageuza mkono huku na huku, akasema maneno mengi tusiyoyajua. Halafu akachukua tonge kwenye sinia lake, lile la jodari mnono, akalichovya, akaliwekea kiganja chini lisidondoke, akalipeleka mpaka mdomoni kwa mama. "Chi, chi!" Kula, kula!

Mama akafungua mdomo kama mtoto.

Alitafuna akiwa amefumba macho. Nilishika ukingo wa meza. Akameza. Akafumbua macho akanitazama, machozi yanashuka na anatabasamu. "Wa baridi," akasema, "halafu mtamu. Angempenda." Kisha, "Angempenda sana, Stela."

Nikalia, yeye akalia, bibi wa watu akalia bila kujua sababu, anatupigapiga mgongo na kutujazia sahani. Tulikula mpaka tukashindwa kuongea.

Kwenye treni ya kurudi akasema, anatazama dirishani, "Duka haliuzwi. Ila nguo za watoto peke yake hazitoshi. Tutashona sare za shule, mimi nitakaa pale mbele na cherehani." Halikuwa ombi. Nikasema ndiyo mama.

Vumi wangu, sijaacha kukutafuta kwenye umati. Jana hiyo hiyo, tulipokuwa tunatoka, niligeuka nikupe vijiti vyetu uvifanye ukumbusho, maana ungeviiba tu. Bado naumia. Lakini jana niliumia nikiwa nacheka, na sikujua kama hilo linawezekana.

Pumzika, rafiki yangu. Usimhofie mama. Nakuahidi hatakula peke yake, wala kuugua peke yake, nikiwa hai. Na tukirudi Makambako tutakuja wote wawili pale kaburini, nikusomee haya yote kwa sauti, naye ataniingilia kati kusema nimetia chumvi.

Namaliza hapa. Ameshavaa viatu, amesimama mlangoni, anasema Shisanhang itafungwa sisi bado tunaandika barua.

Wako,
Stela